Punje za Maharagi kwa Mchezo Bora wa Mwaka

Kaka yangu alikuwa mfanyabiashara kabla vita havijafunga barabara. Alikuwa akienda Kampala kuchukua vitenge na sabuni, na safari moja akarudi nyumbani Butembo na mashine ya michezo ya video, terevisheni moja na kasete sita, kila moja na mchezo wake. Mama alipoona alivyotumia mtaji wake, alikaa siku nzima bila kusema naye. Lakini vita vya pili vilipoanza na magari yakawa yanachomwa njiani, vitenge havikuja tena, na mashine ile ndiyo iliyotulisha. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mishahara ya walimu ilikuwa imekufa zamani.

Alifungua chumba cha mbele cha nyumba yetu, akaweka viti vya mbao na gurupe, jenereta ndogo ya umeme, uani. Watu walikuja kucheza, wakapaita kwa jeu, yaani kwa mchezo. Walikuja waashi, wanafunzi, wachuuzi wa soko, hata shemasi wa kanisa la jirani aliyependa mbio za magari na kupiga kelele kwenye kona kuliko wote.

Wazo la tuzo lilitoka kwenye karatasi. Ndani ya boksi la mashine mlikuwa na kurasa za gazeti la Kifaransa, zimekunjwa ili vitu visigongane. Kaka alizinyoosha, akanipa nisome. Zilieleza kwamba huko Ulaya kila mwaka watu hukusanyika, huvaa vizuri, na kuchagua mchezo bora wa mwaka, kisha waliouunda hupewa kikombe.

"Nasiye tutachagua," alisema. "Batu ba hapa banacheza kuliko bale."

"Kikombe tutampa nani? Bale balioutengeneza hatubajue."

"Tutaipa kasete yenyewe."

Ikawa hivyo. Jumapili ya kwanza baada ya Noeli, watu wakitoka misa, kila aliyewahi kucheza mwaka ule alipewa punje moja ya haragi. Makopo sita ya maziwa yalipangwa mezani, kila kopo na picha ya kasete yake, kwa sababu si wote waliojua kusoma. Mimi nilihesabu, kwa kuwa mwalimu haibi, alisema kaka. Kasete iliyoshinda ilifungwa kwenye kitambaa cheupe, ikawekwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na kuzungushwa mtaani, vijana wakiimba nyuma, na wiki nzima ilichezwa bure. Mwaka wa kwanza ulishinda mpira. Mwaka wa pili mpira tena, na shemasi alinuna mpaka Epifania.

Mwaka wa tatu ndio ninaotaka kusimulia.

Mwaka huo waasi waliokuwa wakishika mji walileta komanda mpya. Hakuwa mtu wa kwetu. Alizungumza Lingala, na Kiswahili kidogo cha kuamrisha. Askari wake waligundua chumba chetu, na kati ya kasete zote walitaka moja tu, ile ya vita, ambamo unashika bunduki na kupita mji ulioharibika ukiua kila anayetokea dirishani. Waliicheza walipotoka doria, wakiwa bado na matope kwenye buti.

Wateja wetu waliichukia. Siku moja askari mmoja alipandisha sauti mpaka mwisho, na milio ile ikatoka mlangoni. Barabarani watu walitupa mizigo wakakimbia. Mama muuza mandazi, ambaye meza yake ilikuwa mbele ya dirisha letu, alilala kifudifudi juu ya mkaa wake akaungua mkono. Askari walicheka. Kaka alitoka, akamfunga mkono yule mama kwa shati lake, akarudi ndani na kuwaomba, kwa heshima zote, wapunguze sauti.

Mama huyo wa mandazi ndiye aliyependa kasete ya matofali. Ni mchezo mdogo: matofali yanaanguka kutoka juu, wewe unayapanga yasiache tundu, basi. Alikuwa akiingia mkono mmoja una unga, anapanga matofali kwa dakika kumi bila kusema neno, anarudi kwenye mafuta yake. Baada yake wakaja mama wengine wa soko, halafu waashi, kwa kuwa waashi hawakubali kushindwa na wauza mandazi katika kazi ya matofali.

Jumapili ya kura chumba kilijaa mpaka uani. Kabla hatujaanza, komanda aliingia na walinzi wake wanane. Watu waliinuka. Aliwaambia wakae, akataka kuelezwa mambo ya haragi, akafurahi. Yeye na kila askari wake walipewa punje moja moja. Mmoja alitaka kutia konzi nzima, lakini matundu ya makopo niliyatoboa madogo, punje zikamwagika mezani, watu wakacheka kidogo halafu wakanyamaza.

Nilimwaga kopo la kwanza, nikahesabu kwa sauti. Nilipofika kopo la vita, zilitoka punje tisa. Kopo la matofali lilijaa, nilihesabu mpaka koo likakauka. Nilirudia hesabu tangu mwanzo, kama ninavyofanya na mitihani.

Kaka aliinama kana kwamba anaokota haragi sakafuni. Alininong'oneza kwa Kinande, ili wageni wasielewe: taja ile ya vita.

Nilimsikia. Sitaki kusema kwamba sikumsikia. Nilitazama watu waliobanana mle ndani, wale ambao kwa miaka mingi hakuna mtu aliyewauliza wanataka nini, wala nani awatawale, wala barabara ipite wapi. Walikuwa wametoka misa na nguo zao nzuri, wakangoja zamu yao kutia punje moja kwenye kopo. Na nilikuwa na kiburi pia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na sikuwahi kubadilisha alama za mtu.

"Batu bamechagua ile ya matofali," nikasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Komanda alinitazama, akacheka, akaja kunishika mkono.

"Mwalimu, uko na kichwa nguvu."

Akaagiza bia kwa watu wote, akaondoka. Ndipo makofi yakaanza. Kasete ya matofali ilizungushwa mtaani juu ya chukudu, mama wa mandazi akitembea mbele yake na mkono wake wenye kovu. Kaka hakutoka nje. Nilimkuta ameketi karibu na mashine iliyozimwa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Yesu atusaidie."

Siku ya nne baada ya shule kufunguliwa, saa nne asubuhi, nilikuwa ubaoni naandika mnyambuliko wa kitenzi cha Kifaransa. Mama wa mandazi alitokea mlangoni pa darasa, anahema.

"Mwalimu, kuya mbio. Bamebeba mashine. Bamebeba na yaya yako." Yaya, kwetu, ni kaka mkubwa.

Nilipofika, chumba kilikuwa na viti tu. Gurupe, terevisheni, kasete zote, vimekwenda. Mama alikuwa amekaa kizingitini, ameshika kiatu kimoja cha kaka kilichomtoka walipokuwa wakimsukuma garini. Walisema wanampeleka Beni, kwenye makao ya komanda, aende kuwafungia mashine.

Niliteremka Beni juu ya lori la viazi na kabichi. Kule kuna joto, na sweta niliyovaa kutoka nyumbani ilinilowa mgongoni. Nililala kwa shangazi, na kila asubuhi nilikwenda kusimama mbele ya nyumba ya mnunuzi mmoja wa kahawa ambayo askari walikuwa wameitwaa. Siku ya tatu mlinzi aliniuliza nataka nini. Nilipomweleza mambo ya kura, alinishangaa.

"Mambo ya haragi? Komanda hana hata kukumbuka. Ile mashine aliitaka tangu siku ya kwanza."

Labda alisema kweli. Labda alitaka tu nimpe sigara niende zangu. Nimeyapima maneno hayo miaka yote, na sijui uzito wake hadi leo.

Aliniruhusu robo saa. Kaka alikuwa sebuleni, ameketi chini karibu na terevisheni, askari wawili wanacheza juu ya kochi. Alikuwa pekupeku, na miguu imevimba mpaka vidole havitofautiani. Nilipiga magoti mbele yake.

"Yaya, unisamehe."

"Simama. Batatuona."

Nikasimama. Akasema polepole, bila hasira usoni:

"Nilikuambiaka utaje ile ya vita."

"Ulinambia."

"Sasa juu ya nini haukutaja?"

Nilitazama miguu ile. Aliuliza mama iko namna gani. Akaniagiza viatu vyake vya plastiki, vile vipana, na chumvi ya kuloweka miguu.

"Hapana kumwambia mama juu ya miguu," alisema.

Nilipanda Butembo, nikamwambia mama kwamba mwanawe mzima, anakula. Nikachukua viatu na chumvi, nikangoja lori, kwa kuwa siku hizo njia ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa. Niliporudi Beni ilikuwa siku ya tano. Nyumba ya kahawa ilikuwa wazi, milango imeng'olewa. Kikosi kimehamishwa, walisema majirani, kimekwenda upande wa Mabalako, na wale waliokamatwa wamebebeshwa mizigo.

Nilikwenda kwa miguu hadi Mangina, pamoja na wakulima waliokuwa wakirudi kuchungulia mashamba yao. Mapigano yalikuwa yamepita pale kabla yangu. Mama mmoja mwenye shamba la kakao aliniambia aliona msururu wa wabebaji, na mmoja wao, mrefu, alikuwa na terevisheni kichwani. Anachechemea. Kisha risasi zikaanza, na yeye akajificha.

Alinipeleka nyuma ya jiko lake. Hapo palikuwa na ganda la terevisheni bila kioo, aliloliokota kwenye kijito, na ndani yake kuku alikuwa akiatamia mayai. Nilipapasa kona ya juu, nikakuta alama mahali mshumaa ulipounguza plastiki usiku mmoja nyumbani. Nilimuuliza kama kijitoni aliona na mtu. Alisema aliona watu, lakini walikuwa wamekaa majini siku nyingi, na wanaume wa kijiji waliwazika pamoja.

Nilimwachia chumvi. Viatu nilirudi navyo.

Nyumbani nilimwambia mama kuhusu shamba, kijito na kaburi. Hakukubali matanga. Padri alipouliza kama misa iwe ya marehemu, mama alijibu kwamba iwe ya msafiri, na kwa miaka mingi misa ile ilisomwa hivyo. Kuhusu mnong'ono wa kaka sikumwambia.

Nilimwambia baada ya vita, alasiri moja tukimenya viazi uani. Nilisema yote, kuanzia Kinande kile cha chini ya meza hadi nilivyofungua kinywa. Kisu chake kilisimama.

"Ulihesabu vizuri?" aliuliza.

"Mara mbili, mama."

Akamaliza kiazi alichoshika, akakitia majini, akachukua kingine. Kisha akaniambia niangalie moto, unazimika. Nikaenda kuangalia moto. Hakulirudia jambo hilo mpaka alipokufa, na mimi sikulitaja tena.