Mstari wa Sita, Njia ya Kasenyi

Jumatatu, tarehe 10 Februari, niliondoka Bunia kwa sababu ya nafasi moja tupu kwenye karatasi. Kilimani, kando ya njia ya Kasenyi, wanakijiji wenyewe huhesabu miti tuliyopanda ili kurudisha msitu uliokatwa, kisha hutuletea ofisini fishi, karatasi ya hesabu, kila mwezi. Fishi ya Desemba na ya Januari hazikuwa na neno kuhusu mstari wa sita. Nilianza kusomea kazi hii nikiwa mjane wa miaka thelathini na minne, na utaratibu wa upandaji niliubuni mimi: kila nyumba mstari wake, jina la mwenyewe kwenye kijiti.

Saa mbili asubuhi tulipita kizuizi cha tatu cha barabarani. Mbele yake nyumba hazikuwa na mapaa, na mwendesha pikipiki aliyenibeba akaacha kuimba.

Saa nne nilipokewa na Papa Jozefu, mkuu wa wahesabu. Mistari yote ilikuwa kijani, isipokuwa wa sita: miti kumi na minane ilikuwa imekauka, miwili ikijikongoja. Kwenye kijiti nilisoma mwandiko wangu mwenyewe: Paskali.

“Watu ya bunduki walimuua tarehe moja, mwezi wa kumi na mbili,” alisema. “Siye tulikimbia. Mwili yake hatukuiona mpaka leo.”

“Lakini mlirudi, na maji yapo hapo chini. Mbona hamkumwagilia?”

Alicheka bila furaha. “Mama Mwalimu, weye mwenyewe njo uliandika jina. Nikitia maji ku miti ya mufu, kesho watasema Jozefu iko nakamata shamba yake. Huku watu wanauana juu ya udongo. Na nikiandika ‘ilikufa’, mutauliza juu ya nini, sababu gani. Fishi haina fasi ya kujibu.”

Nikashauri ving'olewe vijiti vyote, kilima kiwe cha kijiji kizima.

Saa saba, tukiving'oa, tulipofika mstari wa sita, Mama Riziki, mjane wa Paskali, alisimama mbele ya kijiti.

“Hii hapana. Hii njo kaburi moja tu niko nayo.”

Mume wangu nilimzika tarehe 17 Juni, na ninajua kichwa chake kililazwa upande gani.

Mama Riziki aliitazama miti. “Hii mbili ikipata maji, itapona?”

“Huenda.”

Alikishika kijiti kwa mikono miwili, akakivuta mpaka kikatoka, akakipangusa udongo na kukifunga ndani ya kitenge chake.

“Papa Jozefu, leta bido ya maji. Unangojea nani?”

“Sema mbele ya watu, mama, ni weye unanituma.”

“Mbele ya huyu wa fishi niko nasema!”

Papa Jozefu akaenda kuchota.

Jumanne, tarehe 11, nilirudi Bunia, nikajaza nafasi ile tupu: kumi na minane imekufa, miwili hai. Sababu niliiandika pembeni, kwa mwandiko ule ule wa vijiti: majina niliyaweka mimi, wala sikuuliza mwenyewe akifa itakuwaje.