Tao Lililoanguka Mara Kumi na Moja

Fundi saa alikuwa na ugonjwa wa makumbusho. Wenzake Jumamosi walikwenda kutazama mpira. Yeye alikata tiketi, akaingia kwenye lile jengo la mambo ya kale, akapita kwenye vyungu na shanga kama anayesalimia majirani, mpaka chumba cha mwisho, ambako kulikuwa na tao la mawe. Lilifukuliwa vipande vipande, likaunganishwa upya, likazungushiwa kamba lisiguswe. Hapo alisimama na daftari lake, akihesabu na kuchora, mpaka mlinzi aje kumtoa.

Nyumbani alilijenga juu ya meza ya chakula. Si kwa karatasi wala ubao. Kwa mawe! Aliyakata kwa msumeno wa chuma, akayasugua mpaka kila moja likawa na ukubwa wa donge la sukari, akayapanga bila gundi hata tone. "Anayetia gundi hajengi, anabandika," alipenda kusema. Mkewe alikuwa akila na sahani mapajani mwaka wa pili huo. Mnara alioujenga kabla yake ulikwisha kusimama juu ya kabati, na kisima, na ngazi. Tao likagoma.

Jamani, hilo tao lilimtesa! Alipanga mawe pande zote mbili juu ya kibao cha kuyashikilia, akachomeka jiwe la katikati, akavuta kibao polepole huku amebana pumzi. Kwaaa! Yote mezani. Akapima upya, akakata upya. Kwaaa! Mara ya tano akasema meza ina mguu mbovu. Mara ya sita akasema ni upepo wa dirishani.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," mkewe akamwambia.

Mara ya tisa hakusingizia kitu. Aliitazama mikono yake. Miaka thelathini na mmoja mikono hiyo ilikuwa imeshika skrubu usizoziona kwa macho matupu, leo haiwezi kuweka jiwe juu ya jiwe? Basi imekwisha, akajiambia, uzee umeingia vidoleni. Neno hilo likamkaa moyoni. Kibandani kwake, mteja alipoleta saa ndogo ya kike, alisita kuifungua. Iliyofuata akaikataa kabisa. Tao lilipoanguka mara ya kumi na moja, alikusanya saa zote ndogo zilizokuwa kwenye droo, akampelekea fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara.

"Mikono imeniaga, ndugu yangu. Mimi nibaki na betri na mikanda tu."

Alisema huku akicheka. Akivuka barabara kurudi, alijifuta macho.

Sasa sikia. Jumapili moja, kwa hasira tu, alilitupa daftari chini ya meza, akapanga mawe si kama alivyoyachora, bali kama yalivyotaka yenyewe. Alipofika kwenye jiwe la katikati akaligeuza: upande mpana juu, mwembamba chini, likazama na kuwabana wenzake kama kabari. Akavuta kibao. Kimya. Akagonga meza kwa ngumi. Kimya! Kule makumbusho jiwe hilo liliwekwa upande mpana chini, na jiwe la hivyo halina kinacholizuia lisidondoke. Miezi kumi na minne alikuwa akinakili kosa la watu kwa uaminifu mkubwa.

Jumanne alifunga kibanda, akaenda kwa mhifadhi wa makumbusho, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akafungua daftari lake, akamweleza kwa adabu zote.

"Najua," mhifadhi akasema.

"Unajua nini, mzee?"

"Kwamba limegeuzwa. Nililiweka mimi mwenyewe, siku ya ufunguzi, wageni wamekwisha kuketi. Lina ua lililochongwa. Ukiliweka inavyotakiwa, ua linaangalia chini. Nikaona halipendezi." Akashusha sauti. "Ndani nilipitisha nondo mbili, haliwezi kuanguka. Watu wamelizoea hivyo, bwana. Na hakuna aliyedhurika."

Hakuna aliyedhurika! Fundi saa alitamani kumrushia lile daftari usoni.

"Mimi nimeizika mikono yangu ikiwa hai, mzee," akasema, akatoka bila kuaga.

Hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa ng'ambo, akamkuta ameinamia saa, na kwenye benchi ameketi mama mmoja, aliyekuwa mteja wa fundi saa mwenyewe kwa miaka ishirini.

"Nipe saa zangu."

"Zipi tena? Nilizimaliza zamani, wenyewe wamechukua. Siku hizi wananiletea hapa hapa. Si wewe uliyeniambia?"

"Mikono yangu mizima! Ni lile jiwe, lilikuwa limegeuzwa!"

"Jiwe gani, ndugu yangu?"

Fundi saa alijaribu kueleza, tao, ua, nondo, na kila alivyozidi kueleza ndivyo mwenzake alivyozidi kumtazama kwa huruma. Yule mama akainuka, akamshika bega.

"Pole, fundi. Tumesikia habari za mikono. Umefanya kazi miaka mingi, mshukuru Mungu, upumzike."

"Haina kitu, mama! Tazama mwenyewe!"

Akainyoosha yote miwili mbele yake. Kwa hasira alizokuwa nazo, ilikuwa inatetemeka.