Spika za Fundi Mizinga

Mungu anisamehe, Jumapili nilicheka kanisani, tena kwa sauti.

Kwaya yetu hapa Lushoto inazipenda mno spika mbili tunazokodi Mombo. Fundi wetu wa mizinga ya nyuki akazipima kwa kamba, akaunda za kufanana nazo kabisa, hata lile tundu la besi. Jumapili hiyo ndipo zilipojaribiwa. Zikishindwa, tunarudi kukodi.

Kwaya ikaimba. Mama mwenyekiti wa kwaya akanifinya: "Sikia besi hiyo, dada!"

Wimbo ukaisha. Besi ikaendelea.

Mama akageuka polepole. "Fundi, mbao ulitoa wapi?"

"Mizinga yangu ya zamani, mama. Zimekauka vizuri, na bado zinanukia asali. Juzi nilizianika nje gundi ishike."

"Basi wenyewe wamerudi nyumbani," akasema, akijifunika kanga kichwani. Mchungaji alitoa baraka akiwa mlangoni.

Nje, fundi akaniuliza kwa unyonge, "Lakini sauti, dada?"

Sauti ilikuwa ile ile, nashuhudia. Kwa hiyo, msomaji, kama una mbao kavu ambamo nyuki hawajawahi kuishi, tafadhali mpelekee.