Bendi Iliyokimbiza Askari

Wakati wa vita, vijana fulani wa hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, walikuwa na bendi ya makelele: gitaa lililounganishwa na redio mbovu, na mapipa ya mafuta badala ya ngoma. Mchana mmoja walianza mazoezi. Askari wa kambi ya jirani, basoda kama tunavyowaita hapa, wakadhani wameshambuliwa, wakakimbilia ziwani, mmoja akiwa na povu la sabuni mashavuni. Nilikuwa ofisini kwa kamanda wao, nikiomba kibali cha safari, vijana walipoitwa.

“Hii si muziki!” kamanda akafoka, akipiga meza. “Munaogopesha raia!”

Mpiga gitaa akainamisha kichwa. “Mukubwa, raia balikuwa banacheza. Benye balikimbia ni basoda benu.”

Gitaa likachukuliwa, bendi ikafa, nasi tukaachiwa walinzi wetu walewale.