Pedi ya Kandambili

Enzi zetu, ukitaka kucheza gemu ulipanga foleni juani, na ukiuawa ndani ya gemu ulinyanyuka ukampisha mwenzio. Nyinyi mliokulia Ngamiani, pale Tanga, mnanielewa. Televisheni moja yenye kisogo kirefu, pedi mbili za kuchezea, na watoto thelathini tumebanana kwenye kibanda cha mabati tukinuka jasho na barafu za ukwaju. Sheria ilikuwa moja tu: aliyekufa mara kumi anatoka, mshindi anabaki. Ukiwa na sarafu moja mfukoni, kama mimi, hukuwa na njia nyingine ya kucheza mchana kutwa isipokuwa usife.

Haya yamenirudia kwa sababu ya binti yangu Zuhura. Tunaishi Kensington, hapa Johannesburg, nyuma ya duka langu la mapazia. Nasema langu, sikurithi kwa mtu. Shule niliishia darasa la saba. Nilifika mji huu na begi moja, nikauza mikanda kwenye vijia vya Marshalltown, na leo nina cherehani sita na mafundi wanaoniita bosi. Nisimamishe mbele ya dirisha lolote nitakutajia mita zake kwa macho, kisha leta tepu yako upime. Utanipa mkono.

Zuhura ana miaka kumi na mitano. Ana kiti cha gemu chenye mgongo mrefu kuliko cha meneja wa benki, na masikioni amevaa madude utadhani anarusha ndege. Kila akirudi shule, kabla hajacheza na wenzake, anaingia kwanza uwanja wa mazoezi ulio ndani ya gemu lake la kupigana risasi. Humo hamna watu, mna masanamu tu. Nusu saa nzima anafanya jambo lilelile: anatokea kwenye kona, analenga, anafyatua, anarudi. Ana hata daftari. Nilichungulia nikakuta ameandika kwamba wiki hii ni kona peke yake.

"Hayo masanamu yamekukosea nini?" nikamtania. "Enzi zetu tulipiga watu!"

Akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini ulimi umekataa, kwamba kucheza kila mtu anacheza, wanaofanya mazoezi ni wachache. Kisha akanipiga jicho la pembeni. "Eish, Baba. Haya wewe huyajui."

Nisiyajue mimi? Mimi!

Sikiliza. Kibanda kilikuwa cha Bwana Mhina, mtu mwenye kofia ya kufuma na hasira za karibu. Nilipoingia mara ya kwanza nilikufa zote kumi kabla sijajua mimi ni yupi kwenye skrini, upande wa juu au wa chini. Watoto wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na muhogo. Aliyeniua alikuwa Athumani, aliyejipa cheo mwenyewe akajiita Sajenti, na alikuwa hajanyanyuka kwenye lile benchi tangu asubuhi. "Mpishe mwenzio, marehemu," akaniambia, wala hakugeuka.

Nilirudi nyumbani nalia. Dada yangu Mwanaidi, aliyenizidi miaka miwili, hakunibembeleza. Aliniuliza umekufaje, ulikuwa wapi, ulibonyeza nini. Sikujua hata kimoja. Yeye alijua. Alikuwa akiuza bajia za mama kwenye sinia, na kituo chake kilikuwa dirishani kwa Bwana Mhina. Ndani haruhusiwi. Mama alikuwa na kauli yake, "Mtoto wa kike kwenye kibanda cha gemu anafuata nini?", na wavulana nao walikuwa na kauli zao. Basi dada alisimama nje na sinia lake, mafuta ya bajia yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, macho hayabanduki kwenye skrini.

Alichukua kandambili ya baba iliyokatika, akaikata kwa kisu umbo la pedi, akagandamiza visoda, vifuniko vya chupa za soda, mahali pa vitufe. Tukaenda kukaa uani karibu na pipa la maji. Yeye anaita: "Kulia! Juu! Piga!" Mimi vidole vinakimbia juu ya visoda. Nikikosea ananitandika kofi la begani na tunaanza upya. Hakuniruhusu kujifunza mambo mawili kwa pamoja. Wiki moja kugeuka tu. Wiki nyingine kulenga kwanza, kufyatua baadaye, kwa sababu, alisema, "Wewe unapiga risasi kama mtu anayefukuza kuku." Dole gumba likaota sugu. Nilipopewa sarafu ya sikukuu nilikwenda kwa Bwana Mhina nikijiona jenerali.

Basi bwana. Nilibonyeza kufyatua, mtu wangu akaruka. Nikabonyeza kuruka, akatupa bomu miguuni pake mwenyewe. Nilijiua, mara zote kumi! Sajenti hata hakupoteza risasi. "Huyu sasa anakuja kamili," akasema, "muuaji na maiti ndani ya mtu mmoja." Kibanda kilitikisika kwa kicheko.

Nilimkuta dada dirishani ameshika mdomo. "Ya Rabi," akasema, "mimi pedi naziona kwa mbele." Mnaelewa? Dirisha lilikuwa ubavuni, skrini aliiona kwa kuchungulia, lakini pedi alizitazama mikononi mwa watu waliomwelekea nusu, akazipanga alivyoona, kulia kukawa kushoto. Mwezi mzima nilikuwa nimejifunza kinyume! Nilitaka kuitupa ile kandambili chooni. Yeye akavibandua visoda pale pale juu ya sinia, akavipanga upya, akaniambia, "Tunaanza kugeuka."

Tukaanza kugeuka. Na dada hakuishia hapo, akamsoma na Sajenti. Akaniletea habari kwamba Sajenti akifufuka hukimbilia ngazi, kila mara, hata kama ngazini ndiko alikofia. Tukafanya mazoezi ya ngazi tu mpaka visoda vikatoboa raba.

Siku niliyorudi kibandani na sarafu nyingine, nilimsubiri ngazini. Alikuja. Nikalenga kwanza. Akafa, akafufuka, akaja tena, akafa tena. Mara ya kumi Sajenti alinyanyuka kwenye benchi, na nikasikia mwenyewe bonde la joto aliloacha kwenye ubao. Wangapi walikuja baada yake? Wote niliwatoa. Hakuna mtoto wa Ngamiani aliyekaa kwenye lile benchi kama mimi siku ile, na kama yupo anayebisha ajitokeze.

Mchana watu walipungua, wamekwenda kula, wachache waliobaki wanapokezana pedi ya pili kwa sarafu zao. Bwana Mhina, sijui alikunywa nini siku hiyo, akatazama dirishani akasema, "Na huyu muuza bajia aingie, acheze mchezo mmoja." Dada aliweka sinia chini. Alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Akaingia, akasimama pembeni yangu, akanyoosha mkono.

"Nipishe mmoja, mdogo wangu."

"Subiri," nikasema. "Namalizia."

Sikumaliza. Mshindi anabaki, ndiyo sheria, na mimi nilikuwa nashinda. Alisimama pale mpaka sauti ya mama ikamwita. Nilimsikia akiokota sinia. Mwezi uliofuata Bwana Mhina alihamishia televisheni yake Muheza, kibanda kikawa cha mkaa. Dada yangu hakuwahi kushika pedi ya kweli.

Nilimhadithia Zuhura yote hayo, nikisema sana habari za ngazini na kidogo habari za ule mkono. Akavua madude ya masikioni. Akauliza shangazi yuko wapi saa hizi. Yuko Tanga, nikasema, anapika chai. Akampigia simu ya video, akaielekeza simu kwenye skrini, akaanza mchezo. Kisha nikaisikia sauti ileile, imekwaruzika kwa umri: "Kulia, mwanangu! Juu! Huyo, piga!" Na binti yangu asiyesema Kiswahili akageuka kulia, akalenga juu, akapiga.

Nilitoka nikaenda dukani, nikajifanya napanga mapazia. Miaka yote hii, dada bado yuko dirishani, na dirisha lenyewe sasa ni la upana wa kiganja.

Nimemwambia aje Desemba. Tiketi ni juu yangu. Akacheka kile kicheko chake. "Nikija utanipisha, au utaniambia nisubiri?"

Watoto wa leo kila mmoja ana pedi yake, kiti chake, chumba chake. Hawagombei benchi, hakuna anayewaambia marehemu mpishe mwenzio. Nawaonea wivu, na nawaonea huruma, maana joto la mwenzio kwenye ubao hawalijui. Lakini mazoezi wanayajua. Basi na mimi nimeanza yangu, jambo moja tu kama dada alivyonifunza. Kila jioni Zuhura ananipa pedi, nacheza mchezo mmoja, kisha naiweka mezani. Nikifungwa ni rahisi. Nikishinda, na nashinda, wallahi, vidole vinaganda.

Zuhura ameandika kwenye daftari lake: Baba, wiki hii, kuachia.