Kucha za Mke wa Mchimbaji

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikisukwa katika saluni moja mjini Rongo, pale mwanamke kijana alipoketi mbele ya fundi wa kucha, kisha akakataa kufungua ngumi.

"Fungua mkono, siste. Nitabandika wapi?" fundi akamwambia.

Hatimaye akafungua. Alikuwa amezitafuna kucha hadi kwenye nyama, na vidole viwili vilikuwa vimevimba.

"Bwana yangu anachimba dhahabu kule Osiri," alisema polepole. "Shimo la jirani yake lilibomoka. Tangu hiyo siku, akitoka tu kwa mlango, naanza kuuma. Akiona vidole anakasirika, ati uoga wangu utamfuata huko chini. Nifunikie tu."

Fundi aliviruka vile viwili, akisema vipone kwanza. Kwenye vingine akajenga kucha fupi za jeli, kwa upole sana. Mkono ukiwa ndani ya taa ya kukaushia jeli, simu yake ikalia mezani. Yule mwanamke akageuza uso.

"Nisomee jina. Mimi siwezi kuangalia."

"Ni mzee wako," fundi akasema, akamwekea simu sikioni.

Sauti ya mwanamume iliuliza kama kuna unga nyumbani.

"Uko," akajibu, machozi yakimtiririka.

Alipomaliza, fundi akamwambia, "Zako zikipona, rudi nikutolee hizi."

"Zitapona siku ataacha shimo."

Mimi niligusa hereni zangu za dhahabu, nikajifanya natazama barabarani.