Nyoka alivyonikimbizia mke mpaka nikamshitaki jirani kwa mjumbe

Wakuu nawasalimu wote, mlio kwenye simu na mlio kwenye kompyuta za ofisini mnaojifanya mko bize.

Hili ninaloandika limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Mwenye kucheka acheke tu, mie nimeshajicheka vya kutosha.

Mie ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha sayansi. Ikumbukeni hiyo sayansi, maana ndiyo iliyonipa kiburi.

Naishi mbele kidogo ya Gongo la Mboto, kule ambako ukimwelekeza mtu unamwambia "ukishuka nipigie tena". Nilihamia nyumba ikiwa haina dari, haina plasta nje, haina fensi. Mnaojenga kidogo kidogo mnanielewa. Ukisubiri iishe utahamia na mvi.

Fensi nilikuwa na mpango nayo kabisa. Fundi alinifyatulia tofali palepale uwanjani, akazipanga kwa kuachiana nafasi zikauke, akaenda zake. Huu mwaka wa tatu. Nyasi zimeota pembeni, juu nikarundika mabati yaliyobaki na mirunda, na ubavuni waifu akaegemeza viroba vya pumba za kuku wake.

Kila mgeni akija namwonyesha, "Zile pale ni za fensi." Nasema kwa kifua kabisa.

Sasa sikieni.

Jumamosi moja kipindi cha mvua, asubuhi kweupe, waifu akatoka kufagia baraza. Kandambili za binti yetu Vai, ana miaka minne, zilikuwa pembeni ya mlango. Nyuma ya hizo kandambili kuna kitu cheusi kimejikunja. Yeye akajua ni kipande cha mpira wa maji, akakisukuma na fagio.

Mpira ukasimama, ukatanua shingo.

Swila, wakuu! Yule anayekutemea sumu machoni. Nilitoka bafuni na taulo, nikawahi kuona mkia unaishia kwenye nyasi. Waifu alikuwa amemsimamisha Vai juu ya meza, na yeye mwenyewe yuko juu ya kiti, wote wanalia.

Kufika saa nne begi limefungwa. Anaenda kwa dada yake, Mtoni. Nikamwambia mama Vai tulia, nyoka ameshaondoka, nimemwona kwa macho yangu.

Akanijibu taratibu, na akiongea taratibu huyo ujue imeisha:

"Baba Vai, mie sitaki kuambiwa ameondoka. Nataka unionyeshe alikuwa analala wapi. Siku ukinionyesha, narudi na mtoto."

Wakaondoka. Jioni nikala ugali peke yangu, nyumba imepoa, hakuna wa kuniuliza kwa nini mwezi unatufuata. Niliumia aisee. Kuanzia hapo nikawa na kazi moja tu, kujua nyoka analala wapi ili nirudishiwe familia yangu.

Lakini kama mnavyojua, ukisema una nyoka kila mtu ni mtaalamu.

Mwalimu mwenzangu akasema mwaga oili chafu kuzunguka nyumba. Nikamwaga. Mchicha wote wa waifu ukafa, na baraza likawa na nyayo zangu nyeusi mpaka leo. Mwingine akasema kitunguu saumu. Nikasaga, nikapaka kila kizingiti, nyumba ikanuka pilau wiki nzima. Mwingine akasema choma tairi. Nikachoma, majirani wakaanua nguo zao huku wananisema kwa sauti ili nisikie.

Jumamosi iliyofuata nikamwona tena. Anakatiza uwanja saa tano asubuhi, hana haraka, kama mwenye hati ya kiwanja.

Hapo nikakaa chini nikafikiri kisayansi. Nyoka anafuata vitu viwili tu, chakula na maficho. Chakula ni panya, chura na vifaranga. Maficho je?

Nikageuza shingo upande wa jirani.

Jirani yangu ni Mzee Chitanda, mtu wa Newala, fundi wa vinyago. Uwanja wake umejaa magogo ya mpingo, na kati yetu kuna mstari wa michongoma tu. Yale magogo nilikuwaga nayashuku siku nyingi. Hata Vai nilishampiga marufuku upande ule. "Kwa babu kuna wadudu, usiende. Cheza hapa kwetu." Nikamwonyesha kwa kidole pa kuchezea, pale kwenye kivuli cha tofali.

Nikajisemea, huyu hapa nimempata.

Kosa langu wakuu, badala ya kupiga hodi kwa mzee tuongee, nikanyoosha moja kwa moja kwa mjumbe. Mjumbe wetu ni Mama Salma, mama mmoja mtaratibu sana. Akaniuliza, "Mwalimu, umeshaongea naye?" Nikamjibu kwamba ishu za usalama wa mtoto hazisubiri maongezi. Jinsi nilivyoitamka, nilijiona mkuu wa wilaya.

Tukaenda wote jioni ileile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Naona leo umekuja na serikali, karibuni."

Mama Salma akaeleza malalamiko. Mzee hakukasirika, bora hata angekasirika. Alichukua fagio la chelewa akatuita kwenye magogo.

Jamani. Kila gogo limelazwa juu ya mawe mawili, limeinuka shubiri nzima kutoka chini. Kati ya gogo na gogo mtu anapita. Mchanga chini umefagiliwa, una mistari ya fagio. Akawa anapitisha fagio chini ya gogo moja baada ya jingine, linatokea upande wa pili.

"Mwalimu, mie haya nayashika kwa mikono kutwa nzima, na macho yenyewe ndiyo haya ya kizee. Gogo nisiloona chini yake siligusi."

Nikatafuta pa kuangalia. Mama Salma naye akachungulia juu ya michongoma, kwangu.

"Na yale yako kule, mwalimu?"

"Zile ni za fensi," nikamjibu.

Mzee akauliza, "Fagio linapita?"

Tukavuka kwenda kwangu. Kwenye kona ya rundo, chini kabisa, kuna gamba la nyoka limening'inia kati ya tofali na tofali, refu kupita mkono wangu. Pembeni mavi ya panya na njia ya pumba kutoka kwenye kiroba kuingia ndani.

Chakula na maficho. Nimeifundisha hiyo miaka tisa.

Mzee akasema tusiguse kitu, anamjua jamaa anayekamata nyoka. Asubuhi jamaa akaja na fimbo ya ndoano na ndoo yenye mfuniko. Tukavaa mabuti, glavu na miwani ya fundi. Akawa anashusha tofali kutoka juu, moja moja, sie tumesimama mbali tunapokea.

Safu ya tatu kutoka chini, huyo hapo, amejikunja. Jamaa alimalizana naye haraka mpaka nikashangaa, ndoo ikafungwa, akaenda kumwachia porini mbali.

Mie nikaanza kutamba. Nikasema haya, tumalizie rundo.

Nikainua tofali mbili zaidi, safu ileile. Kwenye nafasi ya kati nikakuta kikombe cha plastiki cha pinki. Pembeni kijiko, vifuniko vya soda vitano vimepangwa, na kopo la rangi lenye mchanga ndani, ugali huo.

Vyombo vya Vai. Zile nafasi alizoacha fundi binti yangu alizifanya kabati lake. Kila siku alikuwa anaingiza mkono mle ndani, kwapani kabisa, kutoa vyombo apike. Nyoka alikuwa analala tofali mbili pembeni.

Na aliyemwelekeza pale ni mie.

Nilikaa chini kwenye mchanga wakuu. Nililia, sifichi. Mzee Chitanda akavua miwani akachuchumaa karibu yangu.

"Mtoto mzima, mwalimu. Mshukuru Mungu."

Nikamwomba radhi palepale, kwa magogo, kwa mjumbe, kwa yote. Akacheka. "Siku nyingine piga hodi tu. Mie mlango wangu huwa haufungwi."

Sasa ikabaki Mtoni.

Niwe mkweli, njia nzima shetani alikuwa ananiongelesha. Sema alikuwa kwenye nyasi. Sema alikuwa kwa jirani. Nani atajua? Lakini aliniambia nimwonyeshe, na kikombe kilikuwa mfukoni mwangu.

Nikamwonyesha waifu picha ya rundo na lile kabati la Vai kwenye simu, kisha nikaweka kikombe mezani.

Akakichukua, akakigeuza. "Nani alimwambia acheze pale?"

"Mie."

Akaingia ndani kwa dada yake. Nikasikia analia. Nilijua nimempoteza. Alipotoka alikuwa na begi mkononi.

"Ungenambia alikuwa kwenye nyasi nisingerudi," akasema. "Nyasi nilishaziangalia mwenyewe kabla sijaondoka. Mwite mtoto twende."

Sasa wakuu, nawaambia kwa kujiamini kabisa maana nimeyalipia kwa machozi.

Oili chafu na vitunguu achaneni navyo. Pumba weka kwenye pipa lenye mfuniko. Fyeka nyasi. Tundu la maji machafu weka wavu, chini ya mlango piga mpira. Na kila kitu unachokihifadhi uwanjani kiwe juu ya mawe, mbali na ukuta, fagio lipite chini. Ukimkuta mla panya huyu usipigane naye, ita wanaojua. Akikutemea machoni, osha kwa maji mengi na wahi hospitali. Akikuuma, hospitali palepale, mambo ya kuchanja chale hapana.

Tofali zangu sasa ziko juu ya mawe. Fensi bado, msiniulize.

Vai amehamisha jiko lake. Mzee Chitanda amemchongea mwiko mdogo wa mpingo, na kila jioni anapikia kulekule nilikomkataza, kati ya magogo. Waifu anatangulia na fagio, anapitisha chini ya gogo, ndipo anamwambia haya, pika.

Kabla hujaandika chochote hapa chini, inuka ukapitishe fagio chini ya lile rundo lako "la fensi". Kisha njoo utuambie limepita au limekwama.